Mazalia ya Samaki Yasigeuzwe Shimo la Mchanga

Ndugu wafanyakazi,

Safari hii hatutaanza na mishahara. Tutaanza na samaki. Tunajua wengine mtauliza, chama cha wafanyakazi na samaki, wapi na wapi? Tunaomba mtuvumilie. Mkifika mwisho mtaona kwamba jambo hili linaingia moja kwa moja ndani ya sufuria zenu.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano Bwera. Katika ajenda tuliandika jambo moja dogo: je, chama chetu kiunge mkono kuwekwa kwa sheria ya kuzuia uchimbaji wa mchanga kwa mashine mahali samaki wanapozaa? Tulidhani tutamaliza kwa dakika kumi. Tulikaa mpaka jua likazama, na tulikaribia kushikana mashati.

Kijana mmoja anayepakia mchanga kwenye malori alisimama akasema: "Nyinyi mna kadi za chama na mshahara wa mwezi. Sisi tuna beleshi tu. Mkifunga mto, mtatulisha nyinyi?" Watu wakanyamaza, maana maneno yale yalikuwa ya kweli. Ndipo mama mmoja, mke wa mwenzetu, anayeuza samaki sokoni Mpondwe, akamjibu taratibu: "Mwanangu, beleshi lako silo tunalolisema. Beleshi linachoka jioni, linalala. Mashine hailali. Siku itakapokuja mashine, wewe na beleshi lako ndio mtakuwa wa kwanza kufukuzwa, na mimi na kapu langu tutafuata."

Tumelifikiria neno la mama yule tangu siku hiyo. Makala hii ni jibu letu kwa wote wawili.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa George lina ukubwa wa kilomita za mraba 250 hivi. Kina chake, kwa wastani, ni mita mbili na nusu tu. Mtu mrefu akisimama juu ya mabega ya mwenzake, karibu kila mahali atatoa kichwa nje ya maji. Ziwa hili limewalisha watu wengi sana. Wazee wanakumbuka kampuni ya TUFMAC iliyokuwa na kiwanda Kasenyi katika miaka ya 1950, ikisindika samaki wa ziwa hilo na kuwauza mbali. Mfereji wa Kazinga unaliunganisha na Ziwa Edward, ambalo sehemu yake kubwa iko Kongo na sehemu ndogo iko kwetu. Samaki tunaowala Bwera na Kasese wanatoka Katwe, Kayanja, Hamukungu na Kahendero, na wengine wanavuka Kasindi wakitoka Vitshumbi na Kyavinyonge. Samaki hana pasi ya kusafiria. Akikosa mahali pa kuzaa upande mmoja, njaa inafika pande zote mbili.

Sasa, samaki anazaa wapi? Wengi wetu tunamjua ngege akiwa kwenye sahani tu. Ngege dume huenda mahali pa maji mafupi, kwenye mchanga au tope laini, akachimba kishimo cha duara kama sahani. Hicho ndicho kitanda chake. Jike huja akataga hapo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake akayatunza mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. Na mamba, tunasema yule samaki wala si yule mnyama, hujenga kiota chake ndani ya kinamasi, katikati ya mafunjo na majani. Kwa hiyo mazalia ya samaki hayako katikati ya ziwa wasipofika watu. Yako ukingoni, penye maji mafupi, penye mchanga mzuri. Yako pale pale ambapo mwenye lori na mwenye mashine wanapatamani.

Ondoeni mchanga huo, na mmeondoa kitanda cha uzazi. Mtavua samaki wakubwa waliobaki mwaka huu na mwaka kesho, mkidhani mambo ni mazuri. Mwaka wa tatu nyavu zitatoka na majani. Hapo mtaambiwa kwamba mvuvi ndiye mkosaji, kwamba wavu wake una matundu madogo.

Wenzetu wa Lwera, kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, wameyaona haya kabla yetu. Kile kinamasi kinapakana na Ziwa Victoria. Wenye mitaji walikuja na mashine zinazoelea juu ya maji, zenye bomba la kunyonya. Bomba linashuka chini, linanyonya mchanga, maji, tope, mayai ya samaki na kila kilichomo, na kutapika vyote upande wa pili. Yalibaki mashimo makubwa yaliyojaa maji, kama maziwa madogo yasiyo na faida. Wabunge walikwenda kutazama, maofisa wa mazingira walikwenda kutazama, amri za kusimamisha zilitolewa, na baada ya muda mashine zilisikika tena. Mwezi wa Mei 2023 daraja la Katonga katika barabara ile ile likaharibiwa na mafuriko, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Wapo waliosema ni mvua tu. Wapo waliosema kinamasi kilichochimbwa hakiwezi tena kuyashika maji. Sisi tunasema hivi: ukiitoboa ndoo, usiilaumu mvua kwa kulowa sakafu.

Mashine kama zile hatutaki kuziona Ziwa George wala ukingoni mwa Ziwa Edward. Tunalisema mapema kwa sababu waliosubiri mpaka zilipofika waliona ilivyo kazi kubwa kuziondoa.

Tena sisi watu wa Kasese tunayo sababu ambayo Lwera hawana. Shaba ilichimbwa Kilembe kwa nguvu tangu 1956 mpaka 1982. Baba zetu walifanya kazi mle, na chama cha wafanyakazi hapa kwetu kilikomaa mle. Shaba ilikwenda, fedha ilikwenda, lakini uchafu wa mgodi ulibaki bondeni kwa marundo. Mvua inaosha marundo hayo, Mto Nyamwamba unabeba, na mwisho wa safari ni Ziwa George. Mnakumbuka mafuriko ya tarehe 1 Mei 2013. Mnakumbuka na yale ya Mei 2020 yaliyoiharibu hospitali ya Kilembe. Mto ule haukubeba mawe na miti peke yake. Watafiti waliochukua tope la chini ya ziwa wakalipima walikuta shaba na kobalti ndani yake.

Maadamu tope limelala, sehemu kubwa ya sumu hiyo imelala nalo. Lakini mashine ya kunyonya ikilikoroga, itaamka na kuingia majini, kutoka majini kuingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki kuingia kwetu. Baba zetu walivuta vumbi la Kilembe walipokuwa kazini. Je, na wajukuu wao walishwe mabaki yake mezani? Hatukubali.

Hapa lazima tuseme wazi, tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi mtu asiguse Nyamwamba. Mawe yaliyojaa mtoni baada ya mafuriko yanausukuma mto uingie mjini, na kuyaondoa ni kuokoa nyumba na maisha. Kazi hiyo ifanywe, ifanywe kwa mpango, isimamiwe na wataalamu, na vijana wetu waajiriwe. Tunachokataa ni mtu kujificha nyuma ya kazi ya kuokoa mji ili achimbe mchanga wa kuuza, ashuke nao mpaka mdomoni mwa mto mahali ngege anapozaa. Kuna tofauti kati ya daktari anayekata jipu na mwizi anayekata mfuko. Wote wawili wana kisu.

Sasa tuitazame sheria. Sisi tulioishia shule ya msingi tunaambiwa sheria si yetu, ni ya mawakili. Si kweli. Sheria inayomfunga mtu lazima mtu huyo aweze kuisoma au kusomewa. Basi tulikaa na wenzetu wanaojua, wakatusomea, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Katiba ya 1995 inasema katika Ibara ya 39 kwamba kila Mganda ana haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 237 inasema serikali inayashika maziwa, mito na vinamasi kwa amana, kwa niaba ya wananchi. Amana, ndugu zetu, si mali ya aliyeishika. Jirani akikuachia mbuzi wake, huna ruhusa ya kumchinja. Halafu kuna kanuni za mwaka 2000 zilizoweka ukanda wa ulinzi: mita 200 kutoka maji ya maziwa makubwa yaliyoorodheshwa, mita 100 kwa mito mikubwa, na mita 30 kwa mito mingine. Na kuna Sheria ya Mazingira ya 2019, inayotaka uchunguzi wa madhara ufanywe kabla ya kazi kubwa kama hizo kuanza.

Mtasema, kumbe sheria tunazo, kelele za nini? Kelele ni hizi. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 244, inasema neno madini halihusu udongo wa mfinyanzi, moramu, mchanga wala mawe ya kujengea. Kwa hiyo kwa miaka mingi mchanga ulikuwa kama mtoto yatima. Mwenye dhahabu alitakiwa leseni. Mwenye mchanga alitakiwa kuelewana na mwenye shamba. Sheria mpya ya Madini ya 2022 imeanza kuuziba ufa huo kwa kutaka anayechimba vitu vya ujenzi kwa biashara awe chini ya sheria. Tunaipongeza. Lakini leseni ni ruhusa ya kuchimba. Leseni si ukuta wa kulinda mazalia. Na ukanda wa ulinzi wenye mlango wa kibali unalinda siku zile tu ambazo anayeshika ufunguo ni mwaminifu.

Tunachotaka sisi ni sheria fupi inayosema: mahali hapa samaki wanazaa, hapa mashine ya kunyonya au kukwangua mchanga haiingii, awe nani, awe na barua ya nani. Basi.

Labda mtu atasema tunaota. Tumpeleke Marekani, kwenye Ghuba la Chesapeake. Kule hawakuwa wakililia ngege, walikuwa wakililia chaza. Chaza ni mnyama wa majini mwenye magamba mawili magumu, anayeshikamana na wenzake mpaka wanakuwa kama mwamba; hata katika Mto Nile wako chaza wa maji baridi. Chaza mmoja mkubwa anaweza kuchuja maji mengi sana kwa siku, na ndani ya miamba yao samaki wadogo hujificha. Mwaka 1820 jimbo la Maryland lilikataza kuwakwangua chaza kwa vyuma vya kukokotwa na mashua. Lakini wenye viwanda vya kutia chaza makoponi walizidi kubisha hodi, na mwaka 1865 mlango ukafunguliwa kwa leseni. Angalieni neno hilo: kwa leseni. Miaka mitatu tu baadaye, 1868, ikabidi jimbo liunde polisi wa majini, maana wakwanguaji walikuwa wakiiba na kupigana kwa bunduki. Katika miaka ya 1880 walivuna kupita kiasi na kusherehekea. Baadaye mavuno yakaporomoka. Wataalamu wanakadiria kwamba chaza waliobaki katika ghuba lile ni kama mmoja kwa kila mia ya wale wa zamani.

Na nani walikokota vile vyuma? Walikuwa vibarua, wengi wao wahamiaji maskini kutoka Ujerumani na Ireland, waliookotwa bandarini Baltimore kwa hila, wakafungiwa kwenye mashua wakati wa baridi kali, na wengine wakatelekezwa pwani bila ujira wao. Mashua iliyomwibia bahari chaza wake ilimwibia na kibarua mshahara wake. Ndiyo sababu tunasema jambo hili ni la chama cha wafanyakazi. Asiyejali mahali samaki anapozaa hawezi kujali mahali kibarua anapolala.

Turudi nyumbani. Tangu 2017 jeshi liliingizwa maziwani kupambana na uvuvi haramu. Tulishuhudia mitumbwi na nyavu zikichomwa moto. Hatutetei uvuvi haramu. Anayevua vifaranga vya samaki anakula mbegu, na wapo miongoni mwetu wanaofanya hivyo au kununua samaki wachanga sokoni wakijua. Hilo ni kosa letu na tulikiri. Lakini tunauliza: kwa nini sheria inamwona mvuvi mwenye wavu mmoja kutoka mbali, na haimwoni mwenye mashine kubwa kama nyumba? Wavu mbaya unachukua watoto wa samaki wa msimu mmoja. Mashine inachukua kitanda chenyewe. Kama kosa la kwanza linastahili moto, la pili linastahili nini?

Na kwako wewe uliye kiwandani, usifikiri hili ni la wavuvi. Mshahara wa chini wa nchi hii uliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Mnajua wenyewe fedha hiyo inanunua nini leo. Kilichotusaidia tukaishi ni chakula cha karibu na cha bei nafuu: posho, maharagwe, muhogo wa shambani, na samaki wa ziwani. Samaki akiadimika, bei yake inapanda, na mshahara wako umepunguzwa bila bosi kukuandikia barua. Hakuna mgomo utakaomrudisha ngege ziwani.

Sasa tunamjibu yule kijana wa beleshi, maana hatukumjibu siku ile.

Ndugu yetu, una haki kuuliza nani atakulisha. Sheria inayokuondoa mtoni bila kukuonyesha njia nyingine ni sheria ya watu walioshiba. Lakini tutazame kazi yako ilivyo. Unashuka shimoni bila viatu. Ukingo ukiporomoka, hakuna aliyeandika jina lako popote. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu mchanga ulipomwangukia. Mwenye malori alimpa nauli ya boda akamwambia asirudi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 ipo. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo si kibarua tena, anastahili mkataba. Kwako zote hizo hazikufika, kwa sababu kazi iliyojificha haina mkaguzi. Uchimbaji ukiwekwa wazi, mahali palipopimwa, mbali na mazalia, wenye leseni iliyobandikwa ukutani na jina la mwajiri, hapo ndipo tunaweza kuja na kitabu cha chama na kumwita mwajiri mezani. Tunaitaka sheria hiyo kwa ajili ya ngege, na tunaitaka kwa ajili ya mguu wako.

Kwa hiyo mkutano wa Bwera ulikubaliana, na kijana yule alinyoosha mkono pamoja nasi, kudai mambo haya:

Kwanza, mazalia yote ya samaki upande wetu wa Ziwa George na Ziwa Edward, pamoja na midomo ya mito Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, yachorwe kwenye ramani kwa msaada wa wavuvi wenyewe, na ramani ibandikwe kila mwalo na kila makao ya kaunti ndogo.

Pili, Baraza la Wilaya ya Kasese litumie uwezo liliopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 kutunga sheria ndogo ya wilaya ya kuzuia mashine za kunyonya na kukwangua mchanga ndani ya mazalia hayo. Tusingoje Kampala kwa jambo tunaloweza kulianza wenyewe.

Tatu, wabunge watano wanaowakilisha wafanyakazi walipeleke Bungeni jambo hili liwe sheria ya nchi nzima, ili mashine iliyofukuzwa Kasese isihamie kwa wenzetu wa Rubirizi.

Nne, yatengwe mahali pa kuchimbia mchanga pasipo na madhara, na wapakiaji wa sasa wapewe nafasi kwanza, kwa mikataba.

Tano, serikali yetu izungumze na ya Kongo, kwa kuwa Ziwa Edward ni moja.

Kila tawi liijadili barua hii kabla ya mkutano wa wilaya. Mwenye hoja ya kupinga aje aiseme, kama alivyoisema yule kijana. Hatumwogopi mwenye hoja, tunamwogopa anayenyamaza. Na anayeona mashine inashushwa ukingoni usiku asingoje gazeti. Amwambie katibu wa tawi asubuhi hiyo hiyo, naye katibu aandike tarehe, mahali na namba ya lori.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa ziwa, ndugu zetu, hakuna fundi anayejua kuujenga.

Umoja ni nguvu.